ALAMA KATIKA NGOZI: NANI ANAANDIKA, NANI ANASOMA?



Katika namba hii tunataka kuongea juu ya alama ambazo watu wanatia katika ngozi yao: chale za wazee, na tatuaji za vijana. Tumechagua habari hii juu ya mambo mawili yaliyotokea hapa hapa masomoni, ndani ya juma mbili tu.

Jambo la kwanza. Siku ya Mungu, koko wa mwenzetu mmoja alifika kumwona mjukuu wake. Alitoka mbali, upande wa Uele, akapitia Beni, akashuka hapa Kasindi na mavumbi ya njia yote katika kitenge chake. Katika paji la uso koko huyo ana mstari wa vinundu vidogo, toka kati ya nyusi mpaka karibu na nywele. Wengine wetu walikuwa wamesimama kwenye mlango wa kiwanja. Mmoja akasema koko amefungwa vifungo kama shati. Watu wakacheka, na sisi wa gazeti, tuseme kweli, tulicheka pia. Koko alisikia. Hakujibu kitu. Alimpa mjukuu wake mfuko wa karanga, akaketi kidogo, akarudi.

Jambo la pili. Nyuma ya juma moja, mwanafunzi wa mwaka wa nne alirudi kutoka ngambo ya mto Lubiriha na mkono umefungwa kitambaa. Alikuwa amepigwa tatuaji ya simba, katika chumba kimoja tu cha mtu, kwa mashini iliyotengenezwa na moteri ya kasete na sindano. Alilipa kwa franga ambazo mama yake alimpa za kununua madaftari. Siku ya tatu mkono ulivimba, na simba ikafanana na kiboko. Kwa dispansere walimchoma sindano siku nyingi, na interogasio mbili zilimpita. Lakini yeye hakuna aliyemcheka. Kila mtu alimwomba afungue kitambaa kidogo, na wengi walisema: "Iko muzuri!"

Basi tulijiuliza. Koko ana alama katika ngozi, tunamcheka. Kijana ana alama katika ngozi, tunamsifu. Tofauti iko wapi? Tulipoanza kutafuta, tuliona ya kwamba habari hii ni ndefu kuliko tulivyowaza.

1. MAJINA YAKE

Kiswahili hakikungoja Wazungu ili kutaja kitu hiki. Kuna neno chale, ni alama za kukata kwa wembe. Kuna neno tojo, kutoka kutoja, maana yake kuchanja ngozi kwa ajili ya pambo. Kuna pia neno nembo. Leo tukisikia nembo, tunawaza alama ya taifa au ya shirika, ile inayopigwa juu ya barua. Lakini nembo ya kwanza ilikuwa alama ya ngozi, yenye kuonyesha mtu ni wa watu gani. Muhuri ulikuwa juu ya uso kabla ya kufika juu ya karatasi.

Na tusisahau kuchanja. Mlango wa neno hilo ni mmoja na chanjo, ile tunayopewa kwa bega tukiwa watoto. Kumbe kila mmoja wetu aliyepata chanjo ya kifua kikuu, na kovu lake bado liko, anatembea na alama katika ngozi, na alama hiyo inasomwa na waganga dunia nzima!

Jina tatuaji limetufikia kwa njia ya Kifaransa. Mwanzo wake ni visiwa vya Polinezia katika bahari ya Pasifiki. Kule wanasema tatau. Fundi anashika kitana chenye meno makali, anakichovya katika wino mweusi, na kukigonga kwa kijiti juu ya ngozi. Mabaharia wa Mwingereza James Cook waliliona jambo hilo kule Tahiti mwaka 1769, wakarudi Ulaya na neno, na wengine wakarudi na alama zenyewe. Lakini Ulaya yenyewe ilikuwa imesahau mambo yake. Mwaka 1991, watu wawili waliokuwa wakitembea katika milima ya Alpes waliona maiti ya mtu katika barafu. Wenye elimu walipompima, waliona amelala pale zaidi ya miaka 5000. Katika ngozi yake walihesabu alama 61.

2. KWA NINI WINO HAUTOKI?

Mwenzetu mmoja aliuliza: ngozi inabadilika kila mara, tunaoga na kusugua, basi kwa nini tatuaji inabaki?

Jibu ni hili. Ngozi ina sakafu mbili. Ile ya juu inakufa na kuanguka pole pole, na karibu kila mwezi mmoja inakuwa mpya. Ukiandika kwa biki juu ya mkono, unaandika kwenye sakafu hiyo, na wino unakwenda zake. Sindano ya tatuaji inapita mpaka sakafu ya chini, kama milimetre moja au mbili, fasi ambapo kuna mishipa midogo ya damu. Mwili unaona wino kama adui aliyeingia. Unatuma walinzi wake, ni chembe fulani zinazokula uchafu. Walinzi wanameza wino, lakini hawawezi kuusaga. Wanabaki nao tumboni, palepale. Mwaka 2018, watafiti wa Marseille, kule Ufaransa, walionyesha katika panya ya kwamba mlinzi akifa, wino unamwagika, na mlinzi mwingine anakuja kuumeza tena. Kwa hiyo picha ile inashikwa na mwili wenyewe, mlinzi kwa mlinzi, mpaka mwisho wa maisha.

Katika ngozi nyeusi sana wino mweusi hauonekani vizuri. Ndiyo sababu moja ya mababu wengi wa Afrika kuchagua njia nyingine: kukata na kuacha kovu linyanyuke. Alama hiyo unaisoma kwa jicho, na usiku unaisoma kwa kidole.

3. MAFUNDI WA KWETU

Tutaje watu watatu tu.

Wamakonde wanaishi kusini mwa Tanzania na kaskazini mwa Msumbiji, juu ya nyanda za Newala na Mueda. Wazee wao, wanaume kwa wanawake, walichorwa usoni mistari ya kukunjana kama meno ya msumeno. Fundi alikata kwa kisu kidogo, akasugua mkaa ndani ya kidonda, na kazi ilirudiwa mpaka alama zishike. Mambo hayo yalizimika pole pole katika karne ya 20. Lakini Wamakonde ni wachongaji wakubwa, na mistari ile ilihamia katika miti. Barakoa zao za ngoma ya mapiko zina alama hizo zilizofanywa kwa nta ya nyuki. Uso wa koko umekufa, uso wa mti unaendelea kucheza.

Wamangbetu wako kwetu, katika Uele. Mjerumani Georg Schweinfurth alifika kwa mfalme wao Mbunza mwaka 1870, na aliandika namna wanawake wa pale walivyojipaka michoro kwa maji meusi ya tunda la gardenia. Hiyo haikuwa ya kudumu. Ngoma ikiisha, kiisha siku chache, michoro inafutika, na ngoma nyingine inakuja na michoro mingine. Mtu alibadilisha ngozi kama anavyobadilisha nguo.

Wambuti ni majirani wa Beni, katika pori la Ituri. Wanaume wanapiga maganda ya mti mpaka yanakuwa kitambaa laini. Wanawake wanachora juu yake mistari, vidoti, na nyavu zinazokatika ghafula, kama vile njia ya porini inavyokatika. Michoro hiyo ni ndugu ya ile wanayojichora usoni na mwilini. Vitambaa vyao leo vinatundikwa katika nyumba za makumbusho za Ulaya na Marekani, na matajiri wananunua kwa bei kubwa. Mama aliyechora, mara nyingi jina lake halikuandikwa popote.

4. MASHINI: NDUGU YA RONEO YETU

Hapa tumefika kwenye jambo lililotufurahisha kuliko yote, na tunawaomba msome pole pole.

Karatasi mnayoshika inatoka katika roneo. Mnajua kazi yake: tunatoboa stensili kwa herufi za mashini ya kuandika, tunaitia kwenye mtungi, wino unapita katika matundu, na karatasi inapokea. Matundu na wino, basi.

Mwaka 1876, Mmarekani Thomas Edison alipata hati ya kalamu ya umeme. Juu yake kulikuwa moteri ndogo, ndani yake sindano iliyopanda na kushuka mbio sana. Mtu aliandika nayo kama kalamu, nayo ilitoboa karatasi matundu madogo. Kiisha alipitisha wino juu yake, akapata nakala nyingi. Kalamu ile ilikuwa na kelele, na betri yake ilisumbua makarani, ikaachwa. Lakini ilizaa watoto wawili. Mtoto wa kwanza: mawazo ya Edison yalichukuliwa na Albert Blake Dick wa Chicago, aliyeanza kuuza mashini ya kutoa nakala mwaka 1887. Mashini ya namna yetu ni ya ukoo huo. Mtoto wa pili: mwaka 1891, Samuel O'Reilly wa New York, fundi wa tatuaji, alipata hati ya mashini ya kwanza ya umeme ya kuchora ngozi. Aliijenga kwa kufuata kalamu ya Edison.

Kumbe roneo na mashini ya tatuaji ni watoto wa baba mmoja! Moja inatoboa karatasi, nyingine inatoboa mtu. Sisi tukikosea herufi, tunapaka dawa nyekundu juu ya stensili na kuandika tena. Mwenzetu mwenye simba hana dawa hiyo. Kuna mashini za mwanga wa laza zinazovunja wino ndani ya ngozi, lakini ni kazi ya kurudia mara nyingi, bei yake ni kali, na maumivu yake si haba.

5. WAKUSANYAJI

Kama vile wengine wanakusanya tembre za posta, wako watu wanaokusanya alama za ngozi.

Wa kwanza walikusanya picha. Herbert Lang, katika safari ya nyumba ya makumbusho ya New York kutoka 1909 mpaka 1915, alipiga picha karibu 10000 katika kaskazini-mashariki ya Kongo, na nyingine ni za Wamangbetu. Kazimierz Zagórski, Mpolandi aliyefungua studio kule Léopoldville mwaka 1924, aliuza kadi za posta zenye nyuso na migongo ya watu waliochanjwa. Kadi zilifika Ulaya. Waliopigwa picha walibaki bila jina.

Kule Japani kulikuwa na dokta Fukushi Masaichi wa chuo kikuu cha Tokyo. Yeye alikusanya ngozi zenyewe. Kule mafundi wanaweza kufunika mwili mzima, toka shingo mpaka magoti, kwa samaki, maua na mazimwi, kwa miaka. Inasemekana ya kwamba mtu akikosa pesa za kumaliza mchoro wake, dokta alimsaidia kulipa, kwa mapatano ya kwamba akifa, ngozi itakuwa ya chuo. Ngozi hizo ziko pale mpaka leo, na si kila mtu anaruhusiwa kuziona. Tulipolisoma jambo hili tulinyamaza kidogo. Mtu ameuza ukuta wa nyumba yake, naye bado anaishi ndani.

Siku hizi mkusanyaji ni yule anayebeba mwenyewe. Anachagua fundi kama vile mtu anavyochagua mwimbaji. Anafunga safari, anangoja zamu yake miezi mingi, anarudi na kazi ya mkono wa fulani. Katika kijiji cha Buscalan, milimani kule Filipino, kuna mama anayeitwa Whang-Od. Wanasema alizaliwa mwaka 1917. Anatumia mwiba wa mti wa jamii ya mdimu na masizi ya chungu. Zamani ukoo wake walichora mashujaa wa vita na wanawake wa kijiji. Sasa watu wanapanda mlima kutoka nchi zote ili apige tu vidoti vitatu, ndiyo sahihi yake. Mwezi wa nne 2023, picha yake iliwekwa juu ya jalada la gazeti la mitindo Vogue la Filipino, akiwa na miaka 106. Hakuwa na mtoto. Kazi hiyo inarithiwa kwa damu, basi akawafundisha wajukuu wa ndugu zake. Huko si mchezo, ni shule.

Mafundi wengine wametafuta namna ya kutoka katika ngozi. Don Ed Hardy wa California, kwa kuingia mwaka 2000, alichora mazimwi 2000 juu ya karatasi moja ndefu ya metre zaidi ya 150. Na Paris, katika makumbusho ya quai Branly, kulikuwa na maonyesho makubwa kutoka 2014 mpaka 2015. Mafundi wa nchi mbalimbali waliombwa kuchora juu ya mikono, miguu na vifua vya silikoni. Ndivyo Wamakonde walivyofanya kwa mti, na ndivyo mama za Ituri wanavyofanya kwa ganda. Sanaa inaweza kukaa fasi nyingine, na mtu asitoke damu.

6. HATARI

Sisi wa Beni, Butembo na Kasindi hatuna ruhusa ya kucheza na damu. Toka mwezi wa nane 2018 mpaka mwezi wa sita 2020, Ebola iliua zaidi ya watu 2200 katika upande wetu, na mwezi wa sita 2019 ilivuka mpaka huu huu na kuingia Uganda. Tulijifunza kunawa mikono kwenye kila kizuizi. Je, tumesahau tayari?

Sindano iliyoingia kwa mtu mmoja na kisha kwa mwingine inaweza kubeba ukimwi na ugonjwa wa ini. Virusi vya ini vya namna B vinaweza kukaa vizima nje ya mwili siku 7, katika tone la damu lililokauka ambalo hata hulioni. Kupitisha sindano juu ya kiberiti hakutoshi. Kuiosha na pombe hakutoshi. Hata wino unaweza kuwa mchafu, kama kila mtu amechovya ndani yake. Na wembe wa chale za dawa ni vilevile: mganga akichanja watoto watano kwa wembe mmoja, ameandika ugonjwa mmoja katika miili mitano. Hata ile piko nyeusi ya kupaka, ambayo ma-bibi arusi wa pwani wanapenda, ikichanganywa na dawa ya kugeuza nywele, inaweza kuchoma ngozi na kuacha kovu. Hina ya kweli ni ya rangi ya udongo mwekundu, si nyeusi.

Fundi wa kweli, kule Kampala, Nairobi ao fasi yoyote, utamjua hivi: anafungua sindano mpya mbele ya macho yako, anavaa gan mpya, anamimina wino katika kikombe kidogo na kuutupa nyuma yako. Na akiona wewe ni mtoto, anakufukuza. Huyo wa ngambo aliyemchora mwenzetu hakuuliza hata miaka yake.

7. NA BIBLIA?

Wengi watatuuliza. Walawi 19:28 inakataza kujichanja juu ya wafu na kujiandika alama mwilini, na wachungaji wetu wanaifuata. Lakini tujue pia ya kwamba Wakristo wa Misri, Wakopti, wanachora msalaba mdogo kwenye kifundo cha mkono, hata watoto, na kwa wengi ni ushuhuda mbele ya wale wasiowapenda. Kule Yerusalemu, ukoo wa Razzouk unachora mahujaji, na wanasema wanaifanya kazi hiyo tangu miaka 700, kwanza Misri, kisha pale. Wana mihuri ya mti wa kale: wanapiga muhuri juu ya ngozi, kiisha wanafuata mistari kwa sindano. Hatusemi hivi ili kubishana na mtu. Tunasema tu, usimhukumu Mkopti kabla ya kumuuliza msalaba wake unasema nini.

8. KUMALIZA

Turudie swali letu la kwanza. Tofauti ya koko na simba iko wapi? Wembe wa zamani haukuwa safi kuliko sindano ya sasa, tusidanganyane. Na wasichana wengine walishikwa kwa nguvu, hilo hatulisifu. Lakini alama ya koko iliandikwa katika lugha ambayo watu wake wote walijua kuisoma. Ile ya mwenzetu iliandikwa na mtu asiyemjua, kwa pesa za madaftari, na yeye mwenyewe alipoulizwa kwa nini simba, alijibu: "Niliona kwa telefone."

Kwa hiyo shauri letu ni fupi. Kama mkono wako unapenda kuchora, karatasi iko, ukuta uko, na jalada la gazeti hili linangoja mchoro wako kila trimesta. Kama unataka kuandika katika ngozi, ngoja uwe mtu mzima, ndipo ujue unataka kusema nini. Na kama unamwona mzee mwenye alama, usicheke mbele ya kusoma.

Wakati wa likizo ndogo tulimwomba mjukuu wa koko amwombe msamaha kwa jina letu, na kumuuliza vile vinundu ni vya nini. Alirudi na majibu. Koko alisema alikuwa msichana mdogo, na shangazi yake ndiye aliyemchanja. Walimwambia: "Ukipotea, watu watakutazama, watajua wakurudishe wapi." Juu yetu na kicheko chetu hakusema neno. Aliuliza kitu kimoja tu: yule kijana mwenye mkono wa kuvimba, amepona?

Amepona, koko. Asante.

Ndugu wasomaji, kila mwenye mzee nyumbani amuulize habari ya alama zake, na jina la aliyemchanja, kabla hatujachelewa. Andikeni majibu kwenye karatasi moja, mtie katika sanduku letu karibu na biro ya prefe. Stensili za namba ijayo bado ziko.

Sisi, kikundi cha gazeti